Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Mama Vifaranga anabisha hodi

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: UTANI WETU NA WAKENYA, NA KITAMBULISHO CHA KUVUKIA MPAKA WA HOROHORO

Mheshimiwa,

Shikamoo. Huenda nimekuzidi umri, lakini cheo nacho ni mtu mzima, kinaamkiwa.

Mimi ni mwanamke wa Muheza, Tanga, mfanyabiashara wa machungwa. Ni miaka kumi na minane sasa napeleka mzigo soko la Kongowea, Mombasa, na pale sokoni hakuna anayelijua jina langu. Wananiita Mama Vifaranga.

Sijawahi kufuga kuku wa kuuza. Jina nililipata mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya serikali yetu kuchoma moto vifaranga 6,400 pale mpakani Namanga. Walikuwa wametoka Kenya bila kibali, ikahofiwa mafua ya ndege. Muda mfupi kabla ya hapo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikuwa wamepigwa mnada upande wetu. Mimi nilikuwa Muheza nahesabu matenga. Nilipofika Kongowea na fuso, kijana mmoja mbeba mizigo akanitazama, akawaambia wenzake, "Huyu hapa, ndio waliochoma vifaranga!" Soko likacheka. Nikacheka nami, ningefanyaje? Lakini siku ile machungwa yangu yalinunuliwa mwisho, na kwa bei ya kuonewa huruma.

Nakuandikia juu ya hilo: namna tunavyotazamana sisi na Wakenya, na namna ofisi za wakubwa zinavyotuharibia mtazamo huo.

Tunayosemana unayajua. Sisi tunasema Mkenya ana haraka, anapenda pesa kuliko ndugu, hajui kuomba, na Kiswahili chake kimevunjika miguu. Wao wanasema Mtanzania ni mpole kupita kiasi, anamwogopa mkubwa, Kiingereza kinampiga chenga, na kila jambo kwake ni "tutaangalia". Yote haya yana ukweli kidogo, ndiyo maana yanachekesha. Yangekuwa uongo mtupu yangeshakufa.

Siku zangu za mwanzo Kongowea nilikuwa nikirudi kulala na hasira. Kijana wa bara anafika mezani, salamu hana, anasema, "Mathe, nipe za mia mbili." Nipe! Kwetu hata mtoto akitaka maji ndani ya nyumba ya mamake anasema naomba. Nilimhesabia machungwa yake uso umechacha, moyoni nikisema watu hawa hawakulelewa. Mpaka mwenzangu wa meza ya pili, mama wa Kitui anayeuza vitunguu, akanivuta pembeni. "Wewe unadhani anakutukana. Yeye anadhani humtaki. Umemuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na kijana hana hata mke. Matatu inamsubiri." Na vitunguu vyake vyenyewe, nikuchekeshe kidogo, vinatoka Mang'ola kule Karatu. Mkenya anauza vitunguu vya Tanzania huku ananifundisha Mtanzania kuuza machungwa.

Mama huyohuyo ndiye aliyenionyesha jambo ambalo mpaka leo nawatamania Wakenya. Alikuja mtu aliyejiita mtoza ushuru, akataka pesa mara ya pili kwa siku moja. Kwetu tungemlipa, akishaondoka ndio tunung'unike. Yeye alisimama, mikono kiunoni, akamwambia, "Nionyeshe palipoandikwa." Meza za jirani nazo zikasimama. Yule bwana akajifanya amepigiwa simu, akaondoka. Usiku ule nilijiuliza ni mara ngapi mimi nimelipa mara mbili kwa sababu ya adabu yangu nzuri.

Kuhusu Kiswahili niliaibishwa na mzee mmoja wa Mji wa Kale. Nilikuwa narusha ule utani wetu, kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda. Mzee akaweka kikombe chake cha kahawa chini. Akaniuliza kama najua Muyaka bin Haji alitungia mashairi yake wapi. Hapa Mombasa. Akaniuliza mkutano ulioamua Kiunguja ndicho kiwe Kiswahili sanifu ulikaa wapi. Hapahapa Mombasa, mwaka 1928, na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kikaachwa. "Tumewapa nyinyi kiti," akasema, "halafu mnatucheka kwa kusimama." Sikuwa na jibu, nikamlipia kahawa. Tangu hapo nikimsikia Mtanzania mwenzangu akisema Wakenya hawajui Kiswahili, namuuliza Wakenya wepi.

Maana Mkenya si mmoja. Mdigo wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, na mimi tunazungumza lugha moja ya mama, tunapika mchuzi mmoja, tunaimba kwenye harusi nyimbo zilezile. Mstari uliotutenga walianza kuuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia pale mto Umba unapoingia baharini. Wasegeju wako pande zote mbili, kama Wamaasai kule Namanga na Wakuria kule Sirari. Wamakonde waliotoka kusini kwenda kwenye mashamba ya Kwale walikaa kizazi baada ya kizazi bila kutambuliwa, hadi wakapewa vitambulisho vya Kenya mwaka 2017. Wapemba wa pwani hiyohiyo wakafuata mwaka 2023. Watu hawa ukiwauliza nani mvivu na nani mkali kati ya Mtanzania na Mkenya, watakutazama tu.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, Mheshimiwa, kwenye Jumuiya ile ya kwanza. Ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulikuwa umeshafungwa tangu Februari, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wazee bado wanasimulia maneno waliyorushiana wakubwa miaka ile: sisi tukisema Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu, na wao wakijibu kwamba Tanzania ni nchi ambayo mtu hana cha kula. Wanasimulia na kucheka. Mimi nilikuwa na miaka tisa bibi yangu, mzaa mama, alipofariki Vanga, upande wa Kenya. Mama alijifunga buibui usiku, akapanda mtumbwi, wakapita kwenye mikoko ya Jasini kimyakimya kama wezi. Alifika kaburi limeshapata siku mbili. Aliporudi hakusema lolote juu ya Wakenya wala Watanzania. Alisema wamefunga njia.

Basi nikaja kugundua kwamba chuki zetu zina kalenda. Haziji tu, zinatangazwa.

Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alisema wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwemo, wapewe saa ishirini na nne waondoke masokoni. Serikali ya Kenya ikamkana na polisi wakamkamata, lakini simu yangu ililia siku nzima. Ndugu walitaka nirudi Tanga usiku uleule. Wiki hiyohiyo Taifa Stars na Harambee Stars wakakutana Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika. Nilitazama kwenye kibanda cha chai Kongowea, Mtanzania peke yangu, kanga ya njano begani. Tuliongoza mara mbili. Tukafungwa 3 kwa 2. Vijana walinizunguka wakiimba "Mama Vifaranga, rudi kwenu!", kisha mmoja wao akaniletea chai na mahamri, akakataa pesa yangu. Maneno yalikuwa yaleyale ya mbunge. Nani alinitisha na nani hakunitisha, naamini sihitaji kukueleza.

Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Zuio halikumaliza wiki mbili. Machungwa hayakutajwa popote. Lakini karibu mwaka mzima wateja waliniuliza, wengine kwa mzaha na wengine kwa dhati, kama yangu yana sumu. Mei hiyo Rais wetu alikwenda Nairobi, akahutubia bunge lao, wakubwa wakakumbatiana. Nilifurahi sana. Hakuna aliyepita Kongowea kusema machungwa ni salama.

Usidhani naandika kama mtu asiye na hatia. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: kutengeneza simu, saluni, uwakala wa pesa za mtandao na nyinginezo. Na mojawapo ni kununua mazao shambani. Mheshimiwa, nilipiga vigelegele. Miaka yote wanunuzi wa Kenya walikuwa wakiingia Muheza na pesa mkononi, wananunua machungwa yakiwa bado juu ya mti, mimi nabaki kupapasa yaliyoanguka. Nikasema sasa zamu yetu. Jioni nikampelekea habari kaka yangu, ambaye ndiye mkulima, nikitegemea naye afurahi. Akaniuliza swali moja tu: "Wao wasipokuja, nani atakulazimisha wewe kunipa bei nzuri?"

Mwezi uliofuata nilipeleka mzigo wangu. Mama wa Kitui hakuniita Mama Vifaranga. Aliniita kwa jina langu halisi, ambalo sikujua kama analijua, na akanihudumia kwa heshima sana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa sababu utani ukikoma, jua kuna jambo. Wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, utani unaufahamu. Mtani anakuita mtumwa wake. Anachukua kuku wako bandani mchana kweupe. Msiba ukitokea anakaa mbele ya jeneza, hatoki mpaka umpe hela ya soda. Hukasiriki, maana mtani huyohuyo ndiye aliyechimba kaburi tangu alfajiri. Matusi yake yamelipiwa kwa jembe. Mtu asiyekuja kuzika kwako akikuita mvivu, huyo si mtani, amekutukana.

Na hapa ndipo tulipokwama. Tumeruhusiwa kutukanana, mitandaoni hata usiku hatulali, ila kuzikana kunataka karatasi.

Mwaka juzi mama mdogo alifariki, Vanga ileile. Mimi nina pasipoti kwa ajili ya biashara. Kaka yangu ana kadi ya NIDA tu, yaani kitambulisho chetu cha taifa, kama walivyo wakulima wengi wa Muheza. Pale mpakani, ndani ya jengo zuri lenye viyoyozi, aliambiwa kadi haitoshi, akatafute hati ya dharura. Hati inatolewa mjini. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Sisi ni Waislamu, maiti yetu haikai ikisubiri mihuri, alizikwa alasiri. Ofisa aliyemrudisha sikutajii hata ni wa upande gani. Kijana wa watu alifuata kanuni, na alimpa pole. Kaka yangu alikaa kwenye benchi nje ya jengo hadi jua lilipotua, kisha akapanda basi kurudi. Mama yangu, mpaka ukiwa umefungwa, alifika kwa mtumbwi akiwa amechelewa siku mbili. Mwanawe, mpaka ukiwa wazi na Jumuiya ikiwa hai, hakufika kabisa.

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walikubaliana tangu mwaka 2014 kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa. Mbingu haijaanguka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika tangu 2010, na nimeambiwa ndani yake nchi wanachama wanaotaka kutumia vitambulisho wanaruhusiwa. Basi kinachongojwa ni kutaka.

Najua wewe huamui. Wanaoamua ni wakuu wa nchi, na mawaziri wao. Lakini ajenda zinaandaliwa ofisini kwako, na mtu anayeandaa ajenda si mdogo. Weka hili juu: kadi ya NIDA na kitambulisho cha Kenya vikubaliwe Horohoro na Lunga Lunga, Holili na Taveta, Namanga, Sirari na Isebania. Kama nchi nzima ni kubwa mno kwa kuanzia, anza na sisi tuliozaliwa kando ya mstari. Wenye hofu ya wahalifu waambie wahalifu hawapangi foleni, wanapita njia za panya, na njia zenyewe mtoto yeyote wa Jasini anaweza kuwaonyesha.

La pili ni dogo. Serikali zetu zikigombana tena, na zitagombana, pawe na mtu wa Jumuiya atakayekuja sokoni kueleza kwa Kiswahili ni bidhaa gani imezuiwa, kwa nini, mpaka lini. Si kwa waandishi wa habari hotelini. Sokoni, juu ya tenga lililopinduliwa, saa kumi na moja alfajiri, wakati wanunuzi wanaingia. Chungwa langu lisibebe kesi ya hindi la mwingine.

Yapo mengine ningeyasema, juu ya yule kijana wa Kwale aliyekuwa akinitengenezea simu Tanga mjini na sasa kibanda chake kimefungwa, lakini fuso linapakia kesho na matenga hayajafungwa. Ukipata nafasi, njoo Horohoro bila msafara. Nitakuwa kwenye foleni siku ya Alhamisi. Ukifika Kongowea usiulize Mtanzania anayeuza machungwa, tuko wengi.

Wako,
Mama Vifaranga,
Muheza.