Kabla kijana hajafunga propela apange kwanza rimoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu. Najua barua za ukurasa huu mara nyingi ni za maji, barabara na bei ya sukari, ila mi nina jambo langu la rimoti, ile ya kurushia ndege ndogo za modeli, na nimeona niliandike kwa Kiswahili kwa sababu mpwa wangu yuko Dodoma na kila usiku ananitumia voisi, anko hii menyu inasemaje, anko mota niiunge chaneli ya ngapi, na najua hayuko peke yake, wapo vijana wengine wananunua hivi vitu na karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi haiwasaidii.

Kwa wasioijua, ninayoizungumzia ni glaida ya umeme. Mabawa yake ni marefu, ya mpwa wangu yana mita 2 toka ncha hadi ncha, puani ina mota na propela inayojikunja. Unawasha mota inapanda, ikifika juu unazima, propela inalala ubavuni, kuanzia hapo huna injini tena, unatafuta hewa ya joto inayopanda, ileile inayombeba mwewe akazunguka bila kupiga bawa. Ukiipata unaweza kukaa juu hata nusu saa na betri karibu haijaguswa. Mi sijaona kitu kinachotuliza moyo kama hicho.

Naishi Ujerumani, sio mbali na milima ya Rhön. Huko kuna mlima wa Wasserkuppe wenye mita 950, ambako mwaka 1920 yalifanyika mashindano ya kwanza ya glaida kubwa za kukaa mtu, maana baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizuiwa kutengeneza ndege za injini basi vijana wakageukia zisizo na injini. Mpaka leo ukienda wikiendi unakuta glaida kubwa juu na watu wa modeli wamejipanga kwenye mteremko. Huko ndo nilikojifunzia, na huko hakuna mzee hata mmoja atakayekuruhusu kurusha kabla hajaishika rimoti yako akajaribu swichi zako moja moja.

Sasa jambo lenyewe. Kidole changu cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, vina makovu. Ilikuwa jikoni, Jumapili asubuhi, ndege iko juu ya meza, betri ya seli 3 imechomekwa na propela imefungwa. Jamaa mmoja alikuwa amenipa faili la modeli yake, yani mipangilio yote ya rimoti kwa ndege hiyo, kalipanga vizuri sana, nikalikopi kwenye rimoti yangu nikataka tu kuangalia mkia unavyocheza. Nikatoka kwenye modeli yangu ya zamani nikachagua ile mpya na ndege bado ina umeme. Hapohapo mota ikanguruma, ndege ikateleza mezani ikaja upande niliosimama, nikapeleka mkono kuizuia. Nilishonwa nyuzi 7, na mwanangu wa miaka 6 alikuwa amekaa kiti cha pili anakunywa chai.

Sababu niliijua baadaye nikiwa na bandeji. Chaneli ni njia ya kupeleka amri, kila kifaa cha ndege kina yake. Kuna rimoti ambazo mpangilio wake wa chaneli unaanza na eleroni (vibao vya ncha za mabawa, vya kulaza ndege upande), kisha eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua), ya tatu gesi (nguvu ya mota), ya nne ruda (kibao cha mkia cha kugeuza pua kushoto na kulia). Nyingine, mfano Spektrum, zinaanza na gesi, halafu eleroni, eleveta, ruda. Faili la jamaa lilifuata mpangilio huu wa pili. Mota yangu iko chaneli ya 3 na kwenye faili lake ya 3 ni eleveta, na stiki ya eleveta, kile kijiti cha rimoti unachosukuma kwa kidole, inakaa katikati, kwa mkia katikati ni kutulia ila kwa mota katikati ni nusu gesi! Spidi kontrola, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, huwa inakataa kuamka kama gesi haiko chini kabisa, lakini yangu ilikuwa imeshaamka kwenye modeli ya kwanza, basi haikuwa na la kukataa. Na namba ya risiva (risiva ni kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri, na kwa namba hiyo inajua modeli gani ya rimoti iitii) niliiacha ileile kwenye modeli zote mbili, kwa hiyo risiva nayo ikatii.

Ndo maana mpwa wangu akiniuliza habari za flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa karibu na mwili wa ndege, na mambo ya mashindano namwambia subiri, kwanza mota. Propela itoe kabisa, iweke kwenye droo. Usibadilishe modeli kwenye rimoti wakati ndege ina betri. Kila modeli ipe namba yake ya risiva. Ukiwasha, rimoti ndo inatangulia halafu betri ya ndege, ukizima betri ya ndege inatoka kwanza na rimoti inakuwa ya mwisho.

Alafu mota usiiweke kwenye stiki, iweke kwenye swichi, na swichi moja haitoshi, weka mbili, moja ni kufuli na nyingine ya kuwasha. Kama rimoti yako inatumia EdgeTX, ambayo ni programu ya bure na imo kwenye rimoti nyingi za RadioMaster, ingia menyu ya Special Functions, chagua Override ya chaneli ya mota, andika -100, yani gesi chini kabisa, ifunge kwenye swichi ya kufuli. Hapo kufuli likiwa limefungwa hata ugonge swichi gani mota haiendi. Na kufuli lenyewe lipange lisikubali kufunguka kama swichi ya mota imeshawashwa, hiyo unaifanya kwenye Logical Switches, aina ya Sticky, inachukua kama robo saa kuielewa ila ukishaielewa utaiweka kwenye kila ndege yako. Mota nayo ipe sekunde 1 ya kupanda taratibu, isikurupuke, maana propela ya kujikunja ikifunguka kwa kishindo inaweza kuvunja bawa lake. Na kwenye spidi kontrola washa breki, bila breki propela haijikunji, inaendelea kuzungushwa na upepo na glaida inashuka kama imebeba ndoo.

Kuna kitu kinaitwa feilseif, yani ndege ifanye nini ikipoteza mawasiliano na rimoti. Risiva nyingine zikija zimewekwa zishikilie amri ya mwisho. Hebu fikiria amri ya mwisho ilikuwa mota mia kwa mia. Ipange mota izime, halafu usiamini skrini, jaribu, propela bado iko kwenye droo, mtu aishikilie ndege, washa mota, zima rimoti. Mota isipokata sekunde hiyohiyo hakuna kwenda uwanjani.

Hayo yakikaa sawa ndo tuje kwenye utamu. Eleroni zipande zaidi ya zinavyoshuka, anza na mbili kwa moja, kwa sababu ile inayoshuka inavuta hewa zaidi na inageuza pua upande usioutaka. Kwenye hewa ya joto shusha ukingo wote wa nyuma wa bawa milimita 2 au 3, ukitaka kukimbia upandishe 1. Stiki iliyokuwa ya gesi sasa haina kazi, ipe breki ya kutua, ile ambayo hapa wanaiita kipepeo, flapu zinashuka sana na eleroni zinapanda kidogo kwa pamoja. Hapa vijana wengi wanakwama. Flapu zikishuka pua inainuka, basi inabidi rimoti yenyewe ichanganye eleveta ya kushusha pua, na mchanganyo huo usiwe mstari ulionyooka bali uwe mkunjo, kwa sababu robo ya kwanza ya flapu ndo inainua pua kuliko robo ya mwisho. Mi nilitumia jioni tatu nikipanda juu, navuta breki kidogo, naangalia pua, natua, naongeza nukta moja kwenye mkunjo, napanda tena. Siku ilipokubali ndege ilishuka imenyooka kama inateremka ngazi ikasimama hatua mbili toka kwangu, nikaiacha palepale kwenye majani nikaitazama.

Kitu cha mwisho na hiki ndo kilichonifanya nishike kalamu. Rimoti za EdgeTX zinaongea, na sauti zenyewe ni mafaili ya WAV kwenye kadi ya SD, yani unaweza kuweka za kwako. Basi binti yangu mkubwa tulimkalisha chumbani na simu, akarekodi, mota iko hai, mota imefungwa, sekunde kumi, tano, nne, tatu, mbili, moja, zima. Kwenye F5J, mashindano ya modeli za glaida za umeme, mota inaruhusiwa sekunde 30 tu na kila mita unayopanda inakukata nusu pointi mpaka mita 200, ukizidisha hapo kila mita inakula pointi 3, kwa hiyo ile hesabu ya sikioni ni muhimu macho yakiwa angani. Ila kwangu yale maneno mawili ya mwanzo yana uzito kuliko yote. Nikifungua kufuli bila kukusudia namsikia binti yangu, mota iko hai, mkono unarudi wenyewe.

Mafaili hayo nimempelekea mpwa wangu. Mhariri, kama mna ukurasa wa vijana na teknolojia nawaomba mchapishe hata hiki kipande cha kufuli na feilseif peke yake, na muwakumbushe kwamba huko nyumbani mambo ya kurusha yanasimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, waulize kwanza. Na msomaji yeyote anayejua neno zuri la Kiswahili la feilseif aandike, binti yangu anasubiri kulirekodi.

Msomaji wenu,
Mrusha glaida, Rhön, Ujerumani