Mama, Daudi si mvivu

Leeds, 19 Aprili 2020

Mama mpendwa, shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yangu, na bibi kule Mvumi mwambie mbukwenyi.

Juzi kwenye simu ulilalamika kwamba tangu vyuo vifungwe 18 Machi kwa sababu ya korona, Daudi analala hadi saa sita mchana, chakula hagusi, ukimwuliza anajibu "poa" basi. Ukasema amekuwa mvivu. Neno hilo limeninyima usingizi, maana nami nimetoka kwenye hali hiyo hiyo majuzi tu.

Huku tumezuiwa ndani tangu 23 Machi. Ruhusa ni kwenda dukani, au kunyoosha miguu mara moja kwa siku. Wenzangu wa bweni wamerudi kwao, korido nzima nimebaki peke yangu. Nilikaa siku tatu sijafungua pazia. Uji niliokoroga Jumatatu niliukuta Alhamisi kwenye sufuria, umeota ukungu, mwiko umesimama katikati. Sikuwa na homa wala kikohozi. Nilipompigia mshauri wa wanafunzi, hakugusia masomo. Aliuliza nalala saa ngapi, na leo nimeongea na nani. Nikalia, Mama. Sikuwa nimeongea na mtu.

Daudi yuko mwaka wa tatu. Risachi imekwama, bumu la mkopo limekata, na chuo chao UDOM kitafunguliwa lini hakuna ajuaye. Kutwa anasoma habari za vifo kwenye makundi ya WhatsApp. Kichwa gani kitahimili?

Naomba msimfokee. Uwele wetu sasa unaiva. Nenda naye shambani alfajiri kuamia ndege, apate sababu ya kuamka na mtu wa kukaa naye. Usiku simu yake ilale sebuleni. Akianza kusema, mwache aseme, hata akinyamaza katikati msubiri.

Akitamka kwamba hataki kuishi, mpeleke Mirembe siku hiyo hiyo. Najua mtaani jina hilo ni tusi. Hata sisi tulitukanana nalo shuleni, na leo najuta. Ni hospitali ya magonjwa ya akili, Mama. Watu wanaonana na daktari, wanapewa tarehe ya kliniki, wanarudi nyumbani.

Jumapili ijayo nitapiga saa mbili usiku ya huko. Mpe simu, kisha utoke kidogo uani. Nataka nimsimulie habari za ule uji.

Mwanao,
Neema