Simu moja, wanafunzi wawili

Igombe,
Ilemela, Mwanza.
10 Mei 2020

Mpendwa Mama Neema,

Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba hamjambo nyote huko Bukoba. Sisi tu wazima. Umeniuliza jinsi Kulwa na Doto wanavyopanga muda wao wa kusoma tangu shule zifungwe, kwa kuwa Neema ana mtihani wa kidato cha nne mbele yake, nawe unaona siku zinampita akiwa ameinamia simu. Nitakueleza yaliyotukuta, pamoja na yale tuliyoyakosea.

Waziri Mkuu alipotangaza Machi 17 kwamba shule zifungwe kwa siku 30 kwa sababu ya korona, muda ulioongezwa baadaye, nilidhani wajibu wangu ni kuihamishia shule nyumbani. Tulichora ratiba juu ya kipande cha boksi: saa mbili Hisabati, saa tatu Kemia, na kuendelea hivyo hadi saa nane na nusu mchana. Ratiba hiyo haikumaliza siku nne. Walimu hutuma masomo katika kundi la WhatsApp kila wanapopata nafasi, pengine alfajiri, pengine usiku, na simu yenye intaneti humu ndani ni moja tu, ya Baba Kulwa.

Nawe unaijua kazi ya dagaa. Siku za giza wavuvi hukesha ziwani na taa zao, na simu huenda na Baba Kulwa, maana wanunuzi wa soko la Mwaloni humpigia kabla hajafika ufukweni. Inaporudi asubuhi chaji imekwisha au iko ukingoni. Mbalamwezi inapokuwa kali, kama juma hili, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika na simu hushinda nyumbani. Nilikaa wiki nyingi nikiwagombeza watoto kwa uvivu kabla sijang'amua kwamba ratiba yao inapangwa na mwezi ulio angani.

Tangu hapo tumezitenga kazi zinazohitaji simu na zile zinazohitaji daftari tu. Siku za giza wanapata simu kwa nusu saa baba yao akishapanda kutoka ufukweni, na nusu hiyo ni ya kunakili peke yake. Asubuhi moja mwishoni mwa Aprili nilimkuta Doto dirishani, mahali ambapo mtandao hushika, ameiegemeza simu kwenye nondo, umeme umekatika na chaji imebaki asilimia 6, anayanakili maswali ya Kemia kwa penseli bila hata kuyasoma. Maswali hayo yalimtosha siku tatu. Siku za mbalamwezi ndipo wanaposikiliza maelezo ya walimu ya sauti, Kulwa kabla ya adhuhuri na Doto baada yake, na anayekuwa hana simu anafanya mazoezi.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kukuandikia. Doto alikuwa akinunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, akawa anakesha hadi saa tisa. Alianza na Fizikia, akaishia kwenye video za mpira, kisha akalala hadi saa nne asubuhi. Huyo nilimkemea, na bando hilo tumelipiga marufuku. Lakini Kulwa alipobaki nyuma kuliko ndugu yake, kosa lilikuwa langu. Kila nilipotaka maji yachotwe, dagaa walioanikwa wageuzwe, au waanuliwe mvua inapotishia, jina lililonitoka mdomoni lilikuwa lake, ilhali pacha wake ameketi palepale. Siku moja niliamua kuhesabu, nikakuta nimemwita mara 11 kabla ya chakula cha mchana. Mtoto anayeitwa mara 11 hawezi kumaliza hesabu moja ya milinganyo, hata awe na simu tatu. Sasa wanapokezana zamu, na Doto amejifunza kugeuza dagaa, ingawa hunung'unika.

Kwa hiyo, rafiki yangu, kabla hujakopa fedha za kumnunulia Neema simu yake mwenyewe, kaa naye mwandike kwa siku saba simu yako iko mikononi mwa nani saa ngapi, na yeye anaitwa mara ngapi akiwa amefungua daftari. Nadhani mtapata saa mbili au tatu za uhakika, na kwa mtahiniwa hizo ni nyingi kuliko siku nzima ya kuchungulia kundi kila dakika tano. Vipindi vya masomo redioni navyo vina saa zake maalumu. Vipangeni kwanza, kwani redio haihitaji bando.

Nina ombi moja. Kama Neema bado anayo madaftari yake ya Biolojia ya kidato cha tatu, yafunge vizuri umpe kondakta wa basi la Mwanza, nami nitayapokea stendi. Giza linarudi wiki ijayo, na ningependa Kulwa awe na kitu cha kusoma ambacho hakiendi ziwani na baba yake.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Kulwa