Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji: shimo lisifukiwe kebo haijapimwa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KEBO ZA UMEME ZINAZOCHUBULIWA NA WACHIMBA MITARO

Sisi mafundi wa kuunga kebo za ardhini tunaomba sharti moja liongezwe kwenye kibali cha kuchimba barabara: kebo ikiguswa, hata kama imechubuka tu, shimo libaki wazi mpaka ipimwe.

Kebo iliyokatwa na kijiko hujitangaza yenyewe: swichi inaruka na mtaa unaingia gizani. Inayotusumbua ni ile iliyopigwa sururu. Mchimbaji anaizungushia utepe wa plastiki, anafukia, anaondoka. Maji yanapenya ganda, yanakula nyaya za chuma na utepe wa shaba, kisha yanaotesha ndani ya insulesheni, yaani tabaka linalozuia umeme usitoke, nyufa ndogo zenye umbo la matawi ya mti. Inapokuja kulipuka, lami imeshamwagwa. Hapo tunatafuta hitilafu kwa mashine ya mshindo, inayorusha umeme ili kebo ilie mahali ilipoharibika, sikio likiwa chini, halafu tunavunja barabara ileile.

Tunaomba pia shimo refu. Kebo iliyolala ardhini haivutiki, na maji yakishaingia hutembea kati ya nyuzi. Kwa hiyo tunakata nyuma mpaka tukute nyuzi kavu zinazong'aa, kisha tunaingiza kipande kipya. Hizo ni jointi (maungio) mbili. Anayeturuhusu mita moja ya shimo ameshaagiza jointi mbovu.

Kwa kebo ya kV 11 (volti 11,000), umeme hukatwa na kufungwa kwa kufuli pande zote mbili, na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) huwekwa. Kebo mbili zinazolala pamoja zinafanana kama mapacha, hivyo ile tunayotaka kukata tunaitoboa kwa bunduki ya msumari tukiwa mbali, kuhakikisha haina umeme, kabla msumeno haujaigusa. Tabaka jeusi la kaboni linalofunika insulesheni humenywa bila kuikwaruza, kwa sababu kila mkwaruzo huhifadhi hewa, na umeme huanza kutoa cheche hapo. Kitambaa cha kusafishia hupita kutoka kwenye feruli (bomba dogo la metali linalounganisha nyaya) kuelekea tabaka jeusi, kamwe si kinyume chake, la sivyo kinapaka masizi kwenye insulesheni. Alumini ikikutana na shaba, feruli iwe ya metali mbili. Mipira ya kusinyaa, inayofunika jointi na kubana ikipata moto, huchomwa kuanzia katikati ili hewa itoke. Mvua ikinyesha bila hema, hatuungi, tafadhali msitushurutishe.

Mega (kipimo cha insulesheni) ya kV 5 peke yake haitoshi. Kebo ya XLPE (yenye insulesheni ya plastiki) ipimwe kwa mashine ya hezi 0.1, yaani ya umeme unaogeuka polepole sana; ikiwa mpya, mara tatu ya volti kati ya kiini (waya wa ndani) na ardhi, yaani takribani kV 19, kwa dakika 15. Iliyozeeka hupunguziwa kiwango. Umeme mnyoofu (DC) wa volti kubwa tusiutumie hapo: huacha chaji ndani ya insulesheni iliyochoka, nayo hupasuka ikirudishiwa umeme.

Baada ya hapo ndipo mchanga laini, vigae na utepe wa tahadhari virudishwe, na mahali pa kila jointi paandikwe kwenye ramani ya jiji. Kijiko kijacho kitapita hapohapo.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mafundi wa kuunga kebo