Kikao cha Alhamisi: tuanze na ozoni

Walimu wenzangu, habari zenu. Kikao cha Alhamisi kipo palepale. Napendekeza kozi ya mazingira tuifungue kwa tundu la tabaka la ozoni, tuachane na wiki ya kemia, wiki ya sera, wiki ya uchumi. Mtindo ule unamwachia mwanafunzi kazi ya kuunganisha, na wengi hawaunganishi.

Wa kemia aeleze walichoonya wanakemia Molina na Rowland mwaka 1974 kuhusu CFC, gesi zilizotumika kwenye majokofu: atomu moja ya klorini itokayo humo huvunja maelfu ya molekuli za ozoni, kwani yenyewe haimaliziki kwenye mmenyuko. Hapohapo wa sera adakie: mbona Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuzuia gesi hizo, ilichelewa hadi 1987? Wa uchumi aulize gharama ya kubadili majokofu ilimwangukia nani. Utamu uko mbele: gesi za HFC zilizochukua nafasi ya CFC haziharibu ozoni, ila zinapasha dunia joto, ndipo yakaja Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongeza HFC kwenye itifaki hiyo ili zipunguzwe.

Mkipishana, bishaneni mbele ya wanafunzi, si ofisini. Kila mmoja aje na swali la mtihani ambalo fani yake peke yake hailiwezi. Mwenye udhuru aseme mapema, tafadhali.