Barua yenu ya ushoroba haijafika: kwa vijana wa klabu ya mazingira

Wanangu,

Juzi mlinionyesha kwenye simu barua yenu ya kutetea ushoroba wa Kwakuchinja, yale mapito ya wanyamapori. Mmeisambaza kwenye makundi, wenzenu mia na ushee wameipigia dole gumba, nanyi mmefurahi. Nikawauliza mmeipeleka ofisi gani. Mkatazamana. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimefanya kazi masijala, ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, miaka thelathini. Barua ikifika, karani anatafuta mambo mawili: inahusu nini, na inamwomba nani. Yenu haina hata "Yah", ule mstari wa kusema inahusu nini. Inawaita Rais, Waziri, Mkuu wa Mkoa na "wadau wote". Barua ya namna hiyo haina jalada la kuingia. Inawekwa pembeni mpaka inasahaulika. Lakini niliwahi kuona karatasi moja ya daftari la shule ikimtoa Afisa Wanyamapori ofisini siku hiyohiyo. Iliandikwa na mama mkulima: tembo wanane, Jumanne saa nne usiku, mahindi ekari mbili, kitongoji akakitaja, na imepitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Aliomba jambo moja tu, aje mtu kupima hasara ili apate kifuta jasho, pesa za serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori. Hakuna aliyehangaika kujua pa kuipeleka.

Ninyi mmeanza na "sayari yetu". Na yule pundamilia jike aliyegongwa na lori alfajiri, barabara ya Arusha kwenda Babati? Mtoto wake alisimama kando ya lami mpaka jua likachomoza, na mlikuwepo mkimwangalia. Mbona hayumo kwenye barua? Yeye ndiye hoja yenu, wanangu. Mwandikeni, tarehe na mahali. Kisha semeni kwamba wanyama wa hifadhi za Tarangire na Manyara wanapita hapo, na kwamba kanuni za kulinda shoroba zipo tangu 2018.

Msiniambie barua hazifui dafu. Kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi Ziwa Natron, tani 500,000 kwa mwaka, pale wanapozaliana heroe wadogo, hao mnaowaita flamingo. Wahifadhi wa ndani na nje waliichambua taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira, wakaandika wakieleza kasoro zake. Mwaka 2008 mwekezaji alijiondoa. Na ile barabara ya lami ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti? Kelele zilikuwa nyingi, lakini kilichofika Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ni karatasi zenye hoja, na hukumu ya kuizuia ikatoka Juni 2014.

Mengine mnayajua: ukurasa mmoja, ombi moja, lugha ya heshima, majina na namba za simu, nakala kwa TAWA (mamlaka ya wanyamapori), NEMC (baraza la mazingira) na mbunge.

Na sisi wazee tuna deni. Tulikaa kwenye mikutano ya kijiji tukanyoosha mikono, mapito ya wanyama yakagawiwa mashamba, na leo tunamlaani tembo akipita alikopita babu yake. Mihtasari ya mikutano ile ipo, na kwenye mahudhurio jina langu limo. Ndiyo maana siwezi kunyamaza mkikosea jambo dogo kama anwani.

Sasa sikilizeni. Chapeni nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yenu. Karani akisema mhusika hayupo, mwambieni muhuri upo. Baada ya wiki mbili rudini na nakala hiyo, ulizeni jalada liko mezani kwa nani, mwende kwenye meza hiyo. Mkiambiwa njooni kesho, nendeni kesho, na mwandike kwenye daftari aliyewaambia na siku aliyosema. Nimeona majalada yakiamka kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akirudi kila Jumatatu, hana kelele, ana nakala yake mkononi.

Ileteni barua niione kabla ya Ijumaa. Anzeni na pundamilia.

Mzee wenu,
karani mstaafu