Kilomita peke yake hazisemi kitu, andikeni na mita za kupanda

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Sheffield. Nimesoma ile makala ya ukurasa wenu wa michezo, iliyosema vijana wetu wa baiskeli wakipata nafasi ya kuja Uingereza watatesa tu kwa sababu huku ni tambarare na wao wamezaliwa milimani, nikacheka, halafu nikaona bora niandike maana kuna kijana atayaamini hayo, atakuja huku na gia za kuendea sokoni, atalia.

Mie ni mtoto wa Lushoto, milima sijasimuliwa. Toka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita thelathini na kitu na unapanda karibu mita elfu moja, piga hesabu ni mwinuko wa wastani wa asilimia 3 hivi, yaani barabara inajizungusha kona kibao, unatafuta mwendo wako unaenda. Sasa njoo Peak District, eneo la vilima jirani na Sheffield, tunakoendaga na klabu ya baiskeli Jumapili. Kwa urefu hamna kitu, kilele chao kikubwa kabisa, Kinder Scout, ni mita 636 tu, Lushoto mjini penyewe ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ila barabara zao nyingi ni njia za kale za farasi wa mizigo, hazijui kona, zikiuona mlima zinaupandia hapo hapo usoni, zinashuka, zinapanda tena, na ukimaliza kilomita 100 unaangalia simu unakuta umepanda mita kama 2,000. Hiyo ni Mombo–Lushoto mara mbili, ila imekatwa vipande vipande na kila kipande kina hasira zake.

Chukua Winnats Pass, barabara moja ya kupanda huko huko Peak District. Unatoka Sheffield unashuka Hathersage, unapita Hope, unafika Castleton umeshapata joto na unajiona mzima kabisa, halafu barabara inaingia katikati ya kuta mbili za mawe ya chokaa na inainuka. Haifiki hata kilomita mbili lakini kuna sehemu inapita asilimia 20, maana yake kila mita kumi za kwenda mbele unapanda mbili. Ukikaa kwenye siti gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, ukisimama kwenye pedali na lami imelowa (na huku imelowa karibu kila siku) tairi la nyuma linateleza linazunguka bure. Katikati ya yote hayo kuna kondoo amelala barabarani na hana mpango wa kukupisha. Na magari ndo njia yao hiyo hiyo, kwa sababu barabara yenye mpando wa kistaarabu ilijengwa karne ya 19 chini ya mlima wa jirani, Mam Tor, ila ule mlima hautulii, ardhi inaporomoka, wakaziba wakaziba mpaka wakachoka, 1979 wakaifunga moja kwa moja. Ukipita leo kwa miguu unaiona lami imepasuka tabaka tabaka.

Kwenye klabu yetu kuna mzee ameshapita miaka 70, baiskeli yake ya chuma, mbele ana sproketi tatu, ile ndogo kabisa vijana wanaichekaga. Winnats anapanda amekaa, miguu inazunguka haraka haraka, anapiga stori na mtu wa pembeni kuhusu bei ya mafuta ya kupashia nyumba. Vijana wenye baiskeli za kaboni wanaanza kwa fujo, nusu ya njia wanashuka wanasukuma. Juu wote tunasubiriana, hakuna anayeachwa, ndo sheria ya kundi letu, mtu akifika mwisho anapewa pole na ndizi. Siri ni gia nyepesi tu. Anayekuja huku atafute fraiwili yenye meno mengi nyuma, 32 au 34, aache aibu.

Ndo maana naomba ukurasa wa michezo ubadilike kidogo. Mkiripoti mashindano mnaandika kilomita basi. Tour de France ya 2014 ilipoanzia huku Yorkshire, siku ya pili ilikuwa York mpaka Sheffield, kilomita 201, ukisoma hivyo unaona siku ya kawaida. Kumbe kulikuwa na milima tisa ya kuhesabiwa, yaani yenye pointi zake, Holme Moss ikiwemo, na kilomita chache kabla ya kumaliza wakapandishwa Jenkin Road, katikati ya nyumba za watu, sehemu mwinuko unafika asilimia 33. Muitaliano Vincenzo Nibali ndo alichukua ile siku akavaa jezi ya njano, ya anayeongoza mashindano, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa kuendesha na Mkenya David Kinjah, alikuwa humo humo kama bingwa mtetezi. Hadithi yote ya siku ile ilikuwa kwenye vilima, sio kwenye 201. Hata hapo nyumbani ni hivyo hivyo, kilomita 60 za Dodoma na 60 za Usambara utaziandikaje sawa? Mstari mmoja tu unatosha, mita zilizopandwa na mwinuko mkali kabisa, waandaaji karibu wote wanazo siku hizi.

Halafu ile picha mliyoweka, yenye kinu cha upepo na mashamba ya tulipu, ile ni Uholanzi.

Msomaji wenu wa Lushoto, kwa sasa Sheffield